Niliandika Kwamba Chebet Anasoma

Naliaka wangu,

Umetoka saa nane kwenda kusukwa nywele mjini, na kwa jinsi ninavyowajua wasusi wa Jumapili, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Kwa hivyo nina saa tatu. Mvua inapiga mabati, jirani hatakuja kuomba chumvi, na mimi nimekaa kwenye meza uliyoijaza vitabu vyako. Nimesukuma maazimio yako ya kazi kando kidogo nipate mahali pa kuweka mkono. Karatasi hizi nimezitoa katikati ya daftari la mwanafunzi aliyehama. Usinicheke. Nimekuwa mwalimu muda mrefu, sijui tena kununua karatasi.

Mambo ya blanketi, ya stovu, ya kufunga mlango wa chumba chako cha kupanga na kutomwamini fundi anayesema atarudi kesho, nimeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kuitikia kabla sijamaliza. Sitayarudia hapa.

Jana jioni ulinisomea kwa sauti yale watoto wa Gredi ya Tatu watakayojifunza muhula huu. Ulikuwa na furaha, nikaona hata mabega yako yanacheza. Hisabati, kupima urefu kwa kamba na vijiti. Mazingira, aina za udongo, kila mtoto alete kidogo kutoka kwao. Sanaa, kusuka kwa nyuzi za mgomba. Kiswahili, kusoma kifungu kuhusu soko kwa ufasaha. Halafu ukaniuliza, "Mama, wewe umefundisha Gredi ya Tatu tangu mtaala huu uingie. Nianze na nini?" Nikakwambia ufuate kitabu, nikaenda jikoni kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Nilikimbia, mwanangu. Kuna jambo ambalo sijakwambia, na kila nikiliangalia lile neno "ufasaha" kwenye maazimio yako, linanirudia. Wewe unaenda Bungoma kesho kufundisha watoto wa watu. Afadhali ulisikie kutoka kwangu.

Wewe ulikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Darasani kwangu kulikuwa na watoto zaidi ya sabini, dawati la watatu linakaliwa na watano. Miongoni mwao alikuwa msichana mmoja anaitwa Chebet. Alitoka upande wa mlimani, kwa Wasabaoti, lakini alikuwa akiishi hapa Kitale, mtaa wa Kibomet, na nyanya yake, ambaye sote tulimwita Kogo kama Chebet alivyomwita. Kogo alikuwa mtu wa vibarua, leo analima kwa huyu, kesho anapalilia kwa yule. Hakuwahi kuingia darasani maishani mwake. Mama yake Chebet, jina lake Selina, alikuwa amekwenda Bungoma kufanya kazi ya kupika kwenye hoteli ndogo karibu na soko. Habari zake zilikuja kwa simu ya Kogo, ile simu ndogo ya vibonye.

Chebet alikuwa mtoto safi, mwenye adabu, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Kusoma hakujua. Lakini alikuwa na kichwa kinachoshika kama gundi. Wenzake wakisoma kifungu mara mbili, yeye anakijua chote kwa moyo. Siku moja nilimwita mbele asome kile kifungu cha soko. Alishika kitabu vizuri, akapitisha kidole chini ya maneno, akasoma bila kukwama, nyanya, vitunguu, muuzaji na mnunuzi, mpaka nukta ya mwisho. Darasa likampigia makofi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kitabu chake kilikuwa kimefunguliwa ukurasa wa zizi la ng'ombe.

Kwa hivyo usije ukadhani sikujua. Nilijua. Hata nilitabasamu, nikajiambia huyu mtoto ni mjanja, atafika tu.

Wiki ile ndiyo tulikuwa tunajaza tathmini za mwisho wa muhula wa kwanza. Na wewe umeshafundishwa jinsi ilivyo: ukimwandika mtoto kwamba yuko chini ya matarajio, lazima ueleze kwa nini, uandike na mpango wa kumsaidia, kila mtoto karatasi yake. Nilikuwa na watoto kama ishirini wa aina hiyo. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, miguu imevimba, na baba yako ndio alikuwa ameanza kuugua. Mwalimu mkuu alikuwa ametuambia kwamba rekodi zetu zitaangaliwa na wageni na hataki aibu. Nikachukua kalamu. Nikaanza kuandika "Amefikia matarajio", jina kwa jina, kama mtu anayepanda mahindi kwenye mfereji. Nilipofika kwa Chebet sikusimama hata kidogo. Amefikia matarajio katika kusoma. Nikageuza ukurasa.

Siku ya wazazi Kogo alikuja na gambuti zake zenye matope, amejifunga leso mpya. Alinipa ripoti ya Chebet kwa mikono miwili.

"Mwalimu, inasema nini?"

"Inasema mtoto wako anasoma vizuri, Kogo."

"Anasoma? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Alicheka mpaka akafunika mdomo. Akamwita mzazi aliyekuwa karibu, mtu asiyemjua hata, akamwambia, "Sasa sitapeleka simu kwa majirani tena. Niko na karani wangu nyumbani." Naliaka, nilicheka naye. Nilimshika bega nikacheka naye.

Sasa sikiliza kilichotokea muhula wa pili, mwezi wa sita, majira kama haya ya mvua.

Selina alikuwa mjamzito huko Bungoma, na hakuwa amemwambia mama yake, kwa sababu zake. Siku moja uchungu ukamshika kabla ya wakati, akapelekwa hospitali. Alijaribu kumpigia Kogo, lakini simu ilikuwa imezimwa, iko dukani inachajiwa. Kwa hivyo alituma ujumbe kwa simu ya mwanamke aliyelazwa kitanda cha pili. Mimi nimeusoma ule ujumbe kwa macho yangu, na naujua mpaka leo. Ulisema: "Mama niko hospitali Bungoma. Mtoto amekuja mapema. Niko peke yangu. Kuja haraka."

Kogo alichukua simu yake jioni, akaiona imeandika kitu. Akamwita Chebet. "Soma, karani."

Mtoto alishika simu. Hapakuwa na picha ya soko wala ya ng'ombe. Hapakuwa na mwenzake wa kusoma kwanza. Nyanya yake alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, amekunja mikono, anangoja kwa raha. Unajua mtoto wa miaka tisa hufanya nini akifikishwa hapo? Alisema, "Ni mama. Anasema hajambo. Anakusalimia sana Kogo. Ati anakuja Krismasi."

"Asante Mungu," Kogo akasema, akaweka simu kwenye kikombe pale juu ya kabati.

Selina alingoja. Mtoto, msichana, aliishi siku tatu. Wanawake wa wodi ndio waliosimama naye. Alipopata nguvu alirudi Kitale, wiki ya pili, amejitanda shuka la mtu, mikono mitupu. Alimkuta mama yake anachambua maharagwe mlangoni, anaimba.

"Mama, mbona hukukuja?"

"Kuja wapi? Si ulisema uko salama?"

Haya yote Kogo mwenyewe ndiye aliyenieleza baadaye. Aliniambia walitazamana, kisha wote wawili wakageuka wakamtazama mtoto, na mtoto akakimbilia chooni, akajifungia, akakaa humo mpaka giza.

Kogo alikuja shuleni siku iliyofuata. Tulikuwa kwenye somo la sanaa, darasa zima limejaa nyuzi za mgomba, watoto wanasuka vikapu vidogo na kupigana kwa nyuzi. Nilimwona dirishani. Nilitoka nikitabasamu, nikidhani ameleta nyuzi. Alifungua fundo la leso, akatoa ripoti iliyokunjwa vizuri, na simu.

"Mwalimu, nisomee hii."

Nikasoma, "Amefikia matarajio katika kusoma."

"Haya. Sasa nisomee hii."

Nikasoma ujumbe. Nilisoma kwa sauti ya kawaida, kwa sababu nilikuwa sijajua bado. Nilipofika mwisho nikauliza, "Kogo, hii ni ya lini? Mmekwenda?"

Ndipo aliponieleza. Alieleza bila haraka, amesimama pale kwenye veranda, watoto wanapiga kelele ndani. Alipomaliza aliniuliza swali moja. "Mwenye alidanganya ni nani, mwalimu? Huyu mtoto, ama hii karatasi?"

Ningependa kukuandikia kwamba nilimjibu kama mtu. Sikumjibu hivyo. Nilianza kumweleza kwamba katika mtaala huu mpya kusoma kuna viwango, kwamba mtoto anaweza kufikia matarajio katika kusikiliza na bado akawa anajengewa msingi, kwamba ujumbe wa simu una maandishi madogo. Maneno yalikuwa yanatoka tu, yamenyooka, kama niko kwenye semina. Kogo alinitazama mdomo mpaka nikanyamaza.

"Mimi sikusoma, mwalimu," alisema. "Mimi niliamini."

Akakunja ripoti. Akaondoka kwa njia ya nyuma, upande wa jikoni ya shule.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa wakati ule, yule aliyestaafu. Alinisikiliza akichokonoa kalamu. Akasema, "Mwalimu, achana na hiyo. Mambo ya familia ni ya familia. Wewe rekodi zako ziko sawa." Na kitu ninachokiona aibu kuliko vyote, mwanangu, ni kwamba nilitoka humo ofisini nikiwa nimefarijika. Nilirudi darasani nikakagua vikapu.

Mwezi uliofuata nikapewa cheti kwa utunzaji bora wa rekodi. Unakikumbuka. Ulikuja likizo ukakikuta ukutani, ukakipiga picha, ukawatumia wenzako wa chuo: mama yangu huyu. Likizo iliyofuata uliuliza kimekwenda wapi, nikasema mchwa. Hakukuwa na mchwa. Nilikishusha mwenyewe na kukichoma pamoja na mabua ya mahindi nyuma ya nyumba.

Chebet hakurudi shule. Siku ya kwanza nilipoita jina lake na kukosa jibu, nilishukuru. Siku ya pili pia. Wiki mbili nzima nilikuwa naweka alama ya kutokuwepo, na sikutoka hapa kwetu Tuwan kwenda Kibomet kumtafuta, ingawa unajua si mbali. Kilichonitoa hakikuwa ujasiri. Baba yako ndiye aliyenitoa. Alikuwa amelala pale sebuleni kwa sababu alikuwa hawezi tena ngazi za chumbani, na nilikuwa nimemweleza yote nikidhani ananihurumia. Aliniuliza, "Sasa huyo mtoto anafundishwa na nani?" Basi. Hakusema kingine. Unamjua baba yako alivyokuwa. Ni yeye aliyekufundisha wewe kusoma, unakumbuka, jioni ulikuwa unamsomea maneno yote kwenye magunia ya mbolea na pakiti za mbegu, naye anasikiliza kama anasikiliza taarifa ya habari. Mimi mwalimu nilikuwa nimelala kitini na viatu vyangu. Kwa hivyo usimwambie mtu kwamba mama yako ndiye aliyekufundisha. Nimekuacha useme hivyo miaka mingi.

Jumamosi nilikwenda. Selina alikuwa amekaa nje anapukuchua mahindi kwenye beseni. Sikuwa nimewahi kumwona. Mwembamba, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Nilimsalimu, hakuitikia. Kogo akatoka, akaniletea kigoda, kwa sababu hata ukiwa na hasira na mgeni unamletea kigoda.

"Nimekuja kumrudisha Chebet shule," nikasema.

Selina aliendelea kupukuchua. "Akafanye nini?"

"Akajifunze kusoma."

"Si anasoma? Imeandikwa."

Naliaka, nimesimama mbele ya wakaguzi, nimesimama mbele ya wazazi walevi, nilisimama mbele ya jeneza la baba yako. Sijawahi kukosa pa kuweka mikono kama siku ile. Nikasema, "Hajui kusoma. Nilijua kwamba hajui. Niliandika uongo kwa sababu nilikuwa nimechoka."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya wenyewe. Sikujisikia nafuu. Watu husema utajisikia nafuu. Punje ziliendelea kuanguka kwenye beseni. Kogo akageuka mlangoni akasema, "Chebet, vaa viatu."

Basi tukaanza, kila jioni baada ya wenzake kufagia na kwenda. Wewe ulipokuja likizo ukaniuliza mbona siku hizi nachelewa, nikasema mikutano. Ilikuwa hii.

Mwanzoni nilifanya makosa mengine. Nilimpa kitabu, naye akakishika kwa moyo kwa siku mbili kama kawaida yake. Nilimpa kingine, hivyo hivyo. Nikamrudisha kwenye silabi, ba be bi bo bu, akaziimba vizuri sana huku akiangalia nje. Alikuwa anaogopa maandishi kama mtu aliyeng'atwa na mbwa anavyoogopa mbwa. Nilikaa nikafikiri, huyu mtoto maneno yalimfanyia nini? Alipewa maneno yenye kazi ndani yake, akashindwa kuifanya kazi hiyo. Kwa hivyo nikaacha vitabu. Nikaanza kumwandikia vikaratasi. Sisemi kitu, namkunjia karatasi, nampa. Karatasi ya kwanza ilikuwa imeandikwa "Funga dirisha."

Aliishika. Akatazama uso wangu atafute jibu, nikaangalia chini. Alikaa nayo, sijui, dakika kumi. Midomo inatembea. Fu. Nga. Kisha akainuka, akaenda dirishani, akasimama pale akanigeukia bila kuligusa. Akalifunga.

"Ni hii?" akauliza.

"Ni hiyo."

Alilia, na mimi nikajifanya napanga chaki.

Kesho yake: "Leta chaki mbili." Kesho kutwa: "Futa ubao, kisha ukae." Ikifika Ijumaa anakuja na vikaratasi vyake mwenyewe, ameniandikia mimi. Kimoja kilisema "mwarimu usisizie". Nilikuwa nimesinzia kweli. Sikumsahihisha hiyo r.

Muhula wa tatu, siku moja alikuja mapema kabla ya kengele. Akasimama kando ya meza yangu.

"Mwalimu, nimeisoma."

"Umesoma nini?"

"Ile ya mama. Iko bado kwa simu ya Kogo. Nimeisoma jana peke yangu." Akakunja vidole akihesabu. "Ni maneno kumi na mawili tu. Yote ni rahisi. Hakuna hata gumu."

Hakulia. Alitaka nimjibu, na mimi nilikuwa mtu mzima pekee pale. Nilimwambia kwamba maneno yale yalipokuja, kazi ya kuyasoma ilikuwa yangu mimi, si yake, kwa sababu mimi ndiye niliyesema yuko tayari. Sijui kama alielewa. Alisema, "Sawa mwalimu," akaenda kukaa. Nilimtazama siku nzima. Wakati wa mapumziko aliruka kamba na wenzake.

Siku ya kufunga shule alikuja Selina badala ya Kogo. Nilikuwa nimejaza ripoti ya Chebet polepole, kwa mkono uliotulia: "Anakaribia matarajio." Selina alipoipokea hakuniuliza mimi inasema nini, wala hakuisoma, ingawa yeye mwenyewe alijua kusoma. Alimpa Chebet.

"Soma."

"A-na-ka-ribia ma-ta-ra-jio. Katika kusoma."

"Ni kweli?"

Chebet akafikiri. "Ni kweli. Maneno marefu bado."

Selina aliikunja akaiweka kwenye mkoba. Halafu akaomba barua ya uhamisho. Alikuwa amepata chumba Bungoma, anampeleka mtoto, na Kogo atafuata wakishavuna. Niliandika barua ile, na nilipompa nikamwomba anisamehe. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno mengi, lakini niliyaacha nikasema hilo moja.

Alinitazama vizuri, bila ubaya. "Mimi bado, mwalimu," akasema. Wakaondoka.

Sijawaona tena. Chebet ni msichana mkubwa sasa, labda ameingia sekondari ya msingi huko huko unakokwenda. Usimtafute. Ukikutana naye kwa bahati, mwache apite. Hana deni la kunifanya nijisikie vizuri, na wewe pia huna.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Sitaki uibebe kama mzigo, na sikuandikii ili uniogope. Mimi bado ni yule yule anayekukaripia ukiacha bomba likitiririka. Lakini utakapokaa na wino wako mbele ya majina sabini, jioni, tumbo tupu, mtu akikuharakisha, mkono wako utataka kuteremka tu kama wangu ulivyoteremka. Hakuna mtu mbaya atakayekulazimisha. Hata dhamira haitakupigia kelele. Itakuwa ni uchovu tu, na uchovu ni kitu cha kawaida kabisa, ndiyo maana ni vigumu kuuona. Siku hiyo ikikufikia, na itafika, acha kalamu ulale. Majina yatakuwepo asubuhi. Mimi sikulala, nilimaliza kazi, nikasifiwa kwa kumaliza.

Na watoto watakushangaza, Naliaka. Watakuletea udongo wa kila rangi kwenye vifuniko vya chupa, watamwaga kwenye meza yako, watagombana ni wa nani ulio mweusi zaidi. Watapima darasa kwa kamba na kupata majibu saba tofauti. Nimechoka, magoti yananiuma, nimebakisha miaka miwili nistaafu, lakini siwezi kukudanganya kwamba sikupenda.

Kuna jambo la mwisho, kisha nitaiweka barua hii kwenye begi lako, chini ya maazimio ya kazi, uikute ukiwa umefika.

Nilikwambia kesho sitakusindikiza kwa sababu niko zamu ya kupokea watoto siku ya kufungua. Si kweli. Muhula uliopita niliandika tathmini za darasa langu jinsi zilivyo. Watoto ishirini na wanne niliwaandika kwamba wako chini ya matarajio katika kusoma, nikaambatisha mpango wa kila mmoja, usiku mbili tatu nimekaa nayo. Mwalimu mkuu huyu mpya alinipigia Ijumaa. Anasema hakuna darasa jingine shuleni lenye rekodi kama hiyo, anasema nimeiangusha shule, na anataka nifike kesho saa moja, kabla ya gwaride la asubuhi la wanafunzi, nikiwa na majina hayo, ili "tuyaangalie upya pamoja". Amesema kwa upole. Ameongeza kwamba kuna nafasi ya kuhamishwa kwenda shule ya mbali, na kwamba kwa umri wangu sitapenda.

Unaweza kusikia maneno huko Bungoma. Walimu husikia kila kitu. Utasikia kwamba mama yako amezeeka, kwamba darasa limemshinda. Nataka uwe umelisikia kwangu kwanza.

Majina yako hapa kando yangu, kwenye bahasha. Nimeyapitia tena leo baada ya kanisa, mtoto mmoja mmoja, nikijiuliza kama kuna hata mmoja niliyemwonea. Yupo mmoja, Wekesa, labda anakaribia. Nitamsikiliza tena asome wiki hii. Wengine ishirini na watatu ni vile vile. Gari lako litakapokuwa linatoka Kitale, mimi nitakuwa nimekaa mbele ya meza ya mwalimu mkuu na bahasha hii mapajani. Sijui nitasema nini. Ila kalamu nimeamua kuiacha nyumbani.

Mama yako